Likizo ya uzazi inaisha: niache ualimu nifanye biashara nyumbani?

Yaya Mshauri,

Nina mtoto wa kike wa wiki sita, mzaliwa wangu wa kwanza. Ninafundisha darasa la tano katika shule moja ya binafsi hapa Lubumbashi, na huu ni mwaka wangu wa sita pale. Likizo yangu ya uzazi inaisha mwisho wa mwezi huu wa Novemba. Swali langu ni moja, ingawa nitalizunguka kidogo: nikibaki nyumbani, nifanye biashara gani ya kunipatia fedha bila kumwacha mtoto?

Tunakaa Katuba, katika lupango (kiwanja chenye nyumba) la mama mkwe. Sisi tuna vyumba viwili vya nyuma. Yeye yuko nyumba ya mbele pamoja na shemeji yangu wa kiume na wifi yangu mdogo. Mume wangu anafanya kazi Kolwezi, kwa kampuni ndogo inayopewa vibarua na mgodi mmoja, na mkataba wake huandikwa upya kila baada ya miezi sita. Anarudi nyumbani mwisho wa mwezi kwa siku tatu au nne. Ni mtu mwema, Yaya, sitaki umfikirie vibaya. Mimba ilipokuwa nzito, akiwa nyumbani yeye ndiye aliyeteka maji. Sasa ananiambia, "Bakia na mtoto, mimi nitawatunza." Anasema kwa upendo, lakini kila nikimsikia moyo unanishtuka, na nashindwa kumweleza kwa nini.

Shuleni mambo si mazuri. Wiki zote hizi za likizo sijalipwa kitu. Nilimpigia simu mkurugenzi kumuuliza kama naweza kutoka kidogo saa nne nimnyonyeshe mtoto, wifi akiniletea. Alinijibu kwamba shule si mahali pa watoto wachanga, na kwamba nisipokuwa mbele ya darasa siku ya kwanza ya Desemba saa moja na robo, yule anayenishikia nafasi atalichukua moja kwa moja. Kutoka kwangu hadi shuleni napanda mabasi mawili. Maana yake niondoke saa kumi na mbili kasorobo, nirudi saa tisa. Na mtoto hajaonja kitu ila maziwa yangu.

Mama mkwe hajasema nisirudi kazini. Alisema tu, mbele ya wageni, kwamba zamani mwanamke aliyejifungua kwa kisu hakutoka lupangoni kabla ya miezi mitatu. Mimi nilijifungua kwa kupasuliwa. Nikaelewa ananikataza.

Mawazo ya biashara ninayo mengi kuliko mtaji. Mwenzangu tuliyesoma naye, anayekaa komini ya Kenya, hapa hapa mjini, anauza unga wa uji wa watoto: mahindi, soya na karanga. Anaufunga katika sashe na kuwauzia akina mama, na anasema anaweka mfukoni dola tano kwa siku. Shemeji anataka tufungue kibanda cha kutuma na kutoa fedha kwa simu mbele ya lupango, mimi nikae humo na mtoto. Na kuna dada mmoja wa kanisani anayenifuata kila Jumapili: nilipe dola 150, niingie katika mtandao wao wa kuuza sabuni na dawa za asili, nilete watu wawili, nao walete wawili wawili, na kabla ya Pasaka fedha yangu itakuwa imerudi mara tatu.

Dola 300 nitazipata Desemba, maana ndiyo zamu yangu katika likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana fedha kwa zamu, ya walimu wenzangu. Shemeji alipopata habari hiyo akasema mwanamke aliyeolewa hawezi kufungua biashara bila ruhusa ya mume, kwamba hiyo ni sheria ya nchi, kwa hiyo fedha zipitie kwake yeye badala ya kaka yake.

Kitu kimoja sijamwambia mtu. Mshahara wangu ni dola 160, na kila mwezi namtumia mama yangu Likasi dola 40. Ana presha, na dawa zake hazikatizwi. Mume anajua kwamba huwa namsaidia mama. Hajui kwamba ni kila mwezi, wala ni kiasi gani. Mwezi uliopita na huu nimetoa katika fedha ya matumizi aliyoniachia, kisha nikachukua chakula kwa deni kwenye duka la kona. Deni hilo linaninyima usingizi kuliko mtoto.

Wazazi wawili wamenipigia kuuliza kama naweza kuwafundisha watoto wao jioni. Niliwafundisha mwaka jana, sasa wako darasa la sita na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi unakuja. Niliwaambia nimejifungua, sina nafasi.

Usiku mwingine ninalia bila kujua sababu. Asubuhi nanawa uso naendelea. Nishauri, Yaya: niache kazi? Na nikiiacha, nianze na kipi?

Mama Mwalimu, Katuba

Mdogo wangu Mama Mwalimu,

Hongera kwa mtoto, na pole kwa kidonda. Wiki sita baada ya kupasuliwa bado ni siku za kupona, na wewe tayari unabeba hesabu za nyumba mbili, ya Katuba na ya Likasi.

Umeniuliza habari ya biashara. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikaona biashara zimepata nafasi ndogo humo. Kinachorudi kila mahali ni fedha ambayo ulikuwa unaipata bila kumwomba mtu, na hasa zile dola 40 za mama yako. Nadhani ndizo zinazokushtua moyo mumeo anaposema atawatunza, kwa sababu hujui kama katika ahadi hiyo mama yako yumo. Kama nimesoma vibaya, nisahihishe. Lakini naanzia hapo kwa sababu mtu anayehitaji dola 40 za uhakika kila mwezi, dawa zinapokwisha, hachagui biashara sawasawa na mtu anayeweza kungoja mwaka mzima aone kama itashika.

Tuuchukue unga wa uji, maana naona ndiko moyo wako ulikoegemea. Ni kazi ya heshima na wateja wapo. Nimekaa na akina mama wanaoifanya, na sehemu inayoonekana, ile ya sashe zimepangwa mezani, ndiyo ndogo. Soya huchaguliwa, huoshwa, hukaushwa, kisha hukaangwa polepole hadi harufu ya ubichi iondoke. Ikikaangwa haraka haraka, uji unakuwa na uchungu na matumbo ya watoto yanasumbuka. Karanga huchaguliwa moja moja. Iliyokunjamana, iliyogeuka rangi au yenye ukungu hutupwa, kwa sababu ukungu huo huacha sumu ya aflatoksini ambayo moto wa kukaangia hauimalizi. Halafu mzigo unapelekwa mashineni, unarudi, unapoa, ndipo unafungwa. Mbabula, lile jiko la makaa, inawaka muda mrefu, na sasa mvua zimeanza, kila mtu anaivuta ndani. Usiipeleke chumbani alipo mtoto hata siku moja. Hewa ya makala (makaa) katika chumba kilichofungwa inaua bila kunuka.

Sasa jiulize: wakati soya iko motoni na inataka mkono usiotulia, mtoto yuko wapi? Ukijibu yuko mgongoni, nakukumbusha mshono wako na ule moto. Ukijibu yuko na wifi, basi tayari unamhitaji mtu wa kumshika, kama vile ambavyo ungemhitaji ukiwa shuleni. Kazi ya nyumbani inakupa kumwona mtoto na kumnyonyesha akitaka, na hilo si dogo. Mikono ya kumshika bado utaitafuta. Wanawake wengi wanaanza wakidhani mtoto atalala, na mtoto halali wanapotaka wao. Wakunga nao huwaambia waliopasuliwa kwamba wiki za mwanzo wasiinue kitu kizito kuliko mtoto. Ndoo ya mahindi ya kupeleka kusaga ni nzito kuliko watoto watatu.

Kuna na majira. Mahindi mapya huku kwetu hupatikana kuanzia mwezi wa nne hivi. Kati ya Desemba na hapo meka, kipimo cha mahindi cha sokoni, hupanda bei, na Zambia wakifunga mpaka kwa mahindi yao inapanda zaidi. Ukiingia sasa, utanunua wakati mahindi ni ghali na utaanika wakati jua ni haba. Kusema hivyo si kusema usiingie. Kuna wanaoanza na meka mbili tatu wakati wa mvua, wajue ladha na wateja, kisha wakakuza baada ya mavuno.

Na zile dola tano za mwenzako. Simwiti mwongo, lakini watu wengi wa biashara ya kadogo huhesabu fedha iliyo mfukoni jioni na kuiita faida. Mwombe akuonyeshe daftari la wiki moja. Muulize mashine anailipa kiasi gani, makala kiasi gani, sashe, nauli ya sokoni, unga uliobaki ukapata unyevu, sashe walizochukua majirani wakasema watalipa Jumamosi, na uji ulionywewa nyumbani kwake. Huenda katika tano zikabaki tatu, huenda mbili. Zikibaki tatu na akauza siku ishirini, ni dola 60, na dawa za mama zinatoka humo. Zikibaki mbili, hesabu inabana.

Mshahara wako nao upunguze vivyo hivyo. Unauona kama dola 160. Toa mabasi manne kwa siku, toa chakula cha mchana, toa utakachompa anayeshika mtoto hata kama ni wifi, maana naye ni mtu na saa zake ni zake. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha na unga. Unaweza kukuta tofauti ni ndogo kuliko ulivyodhani, au kubwa zaidi. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu kabla ya kumjibu mkurugenzi.

Jambo moja katika barua yako limenitia wasiwasi, nalo ni likelemba. Unaziita dola 300 mtaji. Lakini ukizipokea Desemba, kila mwezi unaofuata utaendelea kutoa fungu lako hadi mzunguko uishe, na fungu hilo ulikuwa unalitoa katika mshahara. Ukiacha kazi Novemba na kupokea Desemba, umechukua deni kwa wenzako, na ni walimu kama wewe wanaongoja zamu yao. Waulize mapema mzunguko umebakiza watu wangapi. Na kabla dola moja haijaitwa mtaji, deni la duka la kona litoke humo, kwa sababu linakula usingizi wako.

Kibanda cha simu nitakisema kwa kifupi. Kinataka fedha mara mbili: iliyo ndani ya simu na iliyo mkononi. Ukizigawa dola 300 pande mbili, mteja wa kwanza anayetaka kutoa 200 anakumaliza, na wanaofuata wanakwenda kibanda kingine. Malipo kwa kila muamala ni madogo, kwa hiyo faida inatoka kwa wingi wa watu. Matapeli wa ujumbe wa uongo nao huwalenga wapya. Halafu wewe utakaa barabarani na mtoto wa wiki chache na fedha taslimu magotini hadi giza liingie. Laini itaandikishwa kwa jina la nani? Swali hilo muulize shemeji taratibu, jibu lake litakufundisha mengi.

Kuhusu mtandao wa kanisani nitasema wazi zaidi. Wawili walete wawili, nao wawili. Ngazi ya kumi inahitaji watu 1,024 wapya, ngazi ya kumi na tano 32,768. Watatoka wapi Katuba? Fedha ya anayelipwa leo ni ya aliyeingia jana, na siku waingiaji wanapokwisha, wa mwisho ndio wanaolia. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1991, Bindo Promotion ilipoanguka Kinshasa na akiba za watu zikazama. Dada wa kanisani huenda anaamini kweli anachokuambia; na yeye anatafuta wawili wake. Dola 150 ni dawa za mama yako za zaidi ya miezi mitatu.

Sheria anayoitaja shemeji ilikuwepo. Kanuni ya Familia ya 1987, katika kifungu cha 448, ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya mikataba. Lakini sheria ya Julai 2016 ilikibadilisha: sasa mume na mke wanatakiwa kukubaliana katika mikataba inayowafunga. Wao wawili. Shemeji hayumo, wala hakuna mahali ndugu anaposhika fedha za mke kwa niaba ya kaka yake. Sikuambii umwambie hivyo mbele ya watu. Mnaishi lupango moja na utahitaji amani. Ila ujue, ili usipeleke fedha kwake kwa kudhani huna njia.

Sasa shule. Umeandika kama mtu anayechagua kati ya kurudi tarehe mosi kwa masharti ya mkurugenzi au kuondoka kabisa. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inampa mama wiki kumi na nne za likizo, nane kati yake baada ya kujifungua, na kwa muda huo theluthi mbili za mshahara. Inampa anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku ya kazi. Hata kama hukuandikiana mkataba na shule, sheria inauhesabu kuwa ni mkataba usio na mwisho hadi ithibitishwe vingine. Kwa hiyo ulipoomba kutoka saa nne, uliomba kitu ambacho ni haki yako.

Haki na uwezekano ni vitu viwili, najua. Nusu saa haitakufikisha Katuba na kukurudisha. Inafaa kitu pale tu mtoto akiwa karibu, labda kwa jamaa au muumini mwenzako anayekaa jirani na shule, wifi akae naye huko asubuhi. Maziwa ya kukamua nayo yapo: katika chombo safi chenye kifuniko, mahali penye baridi kiasi, hukaa kwa muda usiozidi saa nne bila friji. Kwa joto letu la kabla ya mvua kushika, ningepunguza muda huo. Anza kukamua sasa, kidogo kidogo, uone kama mtoto atayakubali kwa kikombe.

Unaweza pia kumwandikia mkurugenzi badala ya kumpigia simu. Barua fupi, ya heshima, yenye nakala mkononi mwako: naomba mapumziko ya kunyonyesha, na naomba kujua malipo ya likizo. Au unaomba likizo bila malipo hadi Januari. Mtu anayekataa kwa simu wakati mwingine anafikiri tena anapoona karatasi. Akikataa, mkaguzi wa kazi yupo mjini, na vyama vya walimu vipo. Lakini njia hiyo ina gharama: wakurugenzi wa shule za binafsi wanajuana, na unaweza kushinda malipo yako ukapoteza mahali. Wako walimu waliopima hivyo wakanyamaza, wako waliodai wakapata. Sitakuchagulia. Angalia na kalenda: kati ya tarehe mosi Desemba na likizo ya Noeli ni wiki tatu tu, kisha shule zinafungwa. Kurudi kwa wiki hizo tatu si kujifunga mwaka mzima. Kutorudi, kwa masharti uliyopewa, huenda kukawa ni kwa moja kwa moja.

Nakuja kwa watu uliowapitia haraka mno, wale wazazi wawili waliokupigia. Uliwajibu huna nafasi, na pengine ni kweli kwa mwezi huu. Lakini hao ni wateja waliokuja wenyewe, wanaokujua, na wanachokitaka tayari unacho: huhitaji meka, wala mbabula, wala dola 300. Watoto wanne wakilipa dola 10 kila mmoja kwa mwezi ni dola 40. Kazi yenyewe unaifanya umeketi, saa moja na nusu, mara tatu kwa wiki. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja mwanga wa jua unatosha, kwa hiyo umeme wa jioni hautakutesa. Unaweza kuifanya ukirudi shuleni, na unaweza kuifanya ukibaki nyumbani.

Ina miiba yake. Wazazi huchelewesha malipo, hivyo lipisha mwanzoni mwa mwezi. Shule nyingine hazipendi mwalimu kufundisha nyumbani wanafunzi wa shule ileile; angalia kabla. Mtihani ukipita watoto wanaondoka, na Julai na Agosti utakuwa huna mtu. Na lupango ni la mama mkwe: watoto wa watu wakiingia na kutoka, ni yeye wa kuombwa kwanza.

Kuhusu mama mkwe huyo, hebu nikuulize. Alisema zamani mwanamke aliyepasuliwa hakutoka kabla ya miezi mitatu. Ulielewa amekukataza kazi. Je, kama alikuwa anakuonea huruma? Au anawaambia wageni wasikusumbue? Huenda ulisikia sawa, mimi sikuwepo. Lakini hujamuuliza, na yeye ndiye mtu mzima aliye lupangoni mchana kutwa. Mpelekee mtoto asubuhi moja, ukae naye, umwambie, "Mama, likizo inaisha, wewe unanionaje?" Labda atasema usiende. Labda atasema yeye atamshika hadi saa tisa.

Mumeo anakuja mwisho wa mwezi, kabla tu ya tarehe ya mkurugenzi. Hapo ndipo ningependa uzungumze, na ningependa uanze na mama yako kabla ya kutaja biashara yoyote. Mwambie kiasi, mwambie tangu lini, mwambie na deni la duka. Kuna hatari: anaweza kuumia kwamba hukumwambia, na anaweza kukuuliza umemficha nini kingine. Anaweza pia kusema, "Nitamtumia mimi," nawe utahitaji kujua kama hilo linakutosha au bado unataka liwe jasho lako. Majibu yote mawili ni ya heshima. Lakini hatari ya kunyamaza inakua kila mwezi, na wewe mwenyewe umeona imekufikisha kwenye duka la kona.

Mwoneshe ile hesabu ya mshahara na ya unga. Mkumbushe kwa upole kwamba mkataba wake ni wa miezi sita sita. Mwaka 2025 serikali iliposimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, watu wa migodi na wale wanaopewa vibarua nayo waliona jinsi kazi inavyoweza kutikisika kwa tangazo moja. Mkiwa na mapato mawili, hata kama moja ni dogo, yeye naye anapumua. Nadhani mtu aliyeteka maji wakati wa mimba anaweza kulisikia hilo, mradi alisikie kutoka kwako, si kutoka kwa kaka yake.

Limebaki lile la kulia. Siku za mwanzo baada ya kujifungua machozi huja kwa wengi na kupita. Wewe uko wiki ya sita na bado yanakuja. Yanaweza kuwa uchovu na deni, na yanaweza kuwa ugonjwa wa huzuni unaowapata wanawake baada ya uzazi, ambao una matibabu na hauna uhusiano na upendo wako kwa mtoto. Wiki hii una chanjo zake za wiki sita. Mwambie nesi kabla hajaanza kumpima mtoto, maana baada ya hapo foleni husukuma na mama husahauliwa: "Mimi nalia usiku." Akikujibu ni kawaida, mwambie tena, na umwombe daktari. Na ikitokea usiku mmoja ukawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje siku ya kliniki. Mwamshe mama mkwe, mwachie mtoto, na mwende kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Yaya wako,
Mshauri